Aliyeshuka Kabla ya Matogoro

Kwa miaka kumi na mmoja nilisimama mbele ya watoto wa darasa la sita pale Kyela nikawafundisha kwamba mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea. Nilichora mto kwa chaki ya buluu na milima kwa chaki ya kahawia, na fimbo yangu haikukosea mahali hata mara moja. Tatizo ni kwamba sikuwahi kufika. Siku moja mtoto mmoja wa dawati la mbele aliniuliza maji yale yanatokaje pale, yanabubujika au yanadondoka? Nikamjibu kwa sauti nzito ya mwalimu, "Yanatoka." Darasa zima lilicheka, nami niliona haya mpaka nyumbani.

Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila mwenye akili alikuwa anajaribu jambo. Mfanyabiashara mmoja wa kwetu, Bwana Ambakisye, aliyeuza mitumba na redio za kaseti, alitangaza safari ya matembezi. Tungepanda meli Itungi mpaka Mbamba Bay, na kwa kuwa meli ingekaa pale siku mbili ikipakia mahindi na kahawa, tungepandishwa kwa lori mpaka Songea. Huko tungetembea siku nzima, tuone soko, tuone makaburi ya mashujaa wa Maji Maji, tuone na chemchemi ya Ruvuma, kisha turudishwe melini. Watu walisema hayo ni mambo ya Wazungu. Mimi nilikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Siku ya kwanza, melini. Ziwa Nyasa lilitulia, milima ya Livingstone ikatusindikiza upande wa kushoto, na wenzangu wakafungua vikapu vyao vya wali na samaki kabla hatujapoteza Itungi machoni. Mimi macho yangu yalivutwa na mama mmoja aliyeketi peke yake ubavuni mwa meli, amekumbatia tawi la mti. Lilikuwa tawi la mkunazi pori, lenye miiba na majani mabichi, limefungwa shinani kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji. Alilibeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, bega moja limeshuka kwa uzito. Hakusema na mtu. Pembeni yake palikuwa na nafasi wazi, na kila aliyetaka kukaa pale alizuiwa kwa upole na mzee mmoja mwembamba, "Samahani ndugu, hapa pana mtu."

Mimi ni mbishi, sitaficha. Nilimwendea. "Shikamoo mzee. Huyo mtu mwenyewe yuko wapi? Tangu Itungi sijamwona."

"Marahaba. Humwoni, lakini tiketi yake ninayo mfukoni," akajibu, akanionyesha.

Mzee huyo aliitwa Gervas, Mngoni wa Matogoro, mwongeaji asiyechoka. Yule mama alikuwa shemeji yake, mke wa kaka yake, na watu walimwita Mama Kasian. Kasian, mwanawe, alikwenda kuchuma chai upande wetu wa Rungwe, akashikwa na homa, akafa. Mvua zilikuwa zimekata barabara, kwa hiyo akazikwa huko huko. Katika ukoo wao, Mzee Gervas alinieleza, mtu haachwi ugenini. Mama yake huenda kaburini, hukata tawi, humwambia, "Inuka, twende nyumbani." Kuanzia hapo marehemu yumo ndani ya tawi. Anayelibeba hasemi na mtu ila yeye. Anayefuatana naye huitwa mdomo, na kazi yake ni kumtajia marehemu kila mahali wanapopita, kila mto wanaovuka, kila chombo wanachopanda na kushuka, asije akaachwa nyuma.

"Na hayo majani?" niliuliza.

"Yakipukutika yote kabla hatujafika, basi tumebeba kuni."

"Lakini mzee, ninyi si Wakatoliki?"

"Sana! Padri ameshamsomea misa. Misa ni ya roho kwenda mbinguni, mwalimu. Hili ni la mtu kurudi kwao."

Mimi Mmoraviani nilicheka moyoni nikarudi kwenye samaki wangu. Lakini tulipofika Lupingu nilimsikia mzee akisimama na kusema kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwambia jirani yako, "Kasian, hii ni Lupingu. Bado." Manda vilevile. "Kasian, hii Manda. Bado." Abiria waliokuwa wakitaniana walinyamaza wakati huo, na mwanamke mmoja aliyekuwa ameweka kikapu cha dagaa kwenye ile nafasi wazi alikiondoa bila kuambiwa. Tulipopita Liuli hapakuwa tena na mtu wa kucheka.

Siku ya pili, adhuhuri, Mbamba Bay. Meli ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, tukashushwa kwa mitumbwi. Mzee Gervas aliruka mapema, akatua vibaya kwenye jiwe, na kabla hajaufikia mchanga kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi. Mganga wa zahanati alimfunga bendeji akamkataza kupanda gari lolote. Lori la Bwana Ambakisye lilikuwa linanguruma tayari. Mama Kasian alisimama kando ya lori na tawi lake, akimtazama shemeji yake, na sikuona machozi wala hofu usoni pake. Niliona tu kwamba majani yalianza kujikunja.

Mzee aliniita. "Mwalimu, wewe unakwenda Songea. Utakuwa mdomo."

"Mzee, mimi si mtu wa kwenu. Hata njia siijui."

"Wewe si mwalimu wa jiografia? Majina ya mahali ndiyo kazi yako." Kisha akanishika mkono, na utani ukamtoka usoni. "Sikiliza. Nyumbani hakuna aliyelia mpaka leo. Mtu haliliwi akiwa njiani. Atasikia kilio asijue kinatokea wapi, atapotea moja kwa moja. Baba yake, mke wake, dada zake, sote tumefunga midomo, wiki ya tatu hii. Tukisubiri mguu wangu upone, majani yatakwisha. Mfikishe, watu walie."

Ningekataa vipi? Niliingia ndani ya lori, nikamsaidia Mama Kasian kupanda, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Niliona aibu kubwa, lakini nilisema: "Kasian, tumepanda lori. Tunakwenda Mbinga." Dereva, Bwana Mahundi, aligeuka akanitazama, akafunga mlango wa nyuma polepole kuliko alivyokuwa akiufunga kwa sisi wengine.

Jioni, Mbinga. Barabara ilipanda milima kwa kujikunjakunja, na kila kona ilikuwa na mteremko wa kukufanya ukumbuke dhambi zako. Mashamba ya Wamatengo yalifunika miteremko yote kwa vishimo vilivyopangwa safu kwa safu, na kahawa imesimama kando ya nyumba. Tulilala katika nyumba ya wageni, wanaume chumba kimoja, wanawake chumba kingine. Mama Kasian aliomba kwa ishara kitanda cha pili, akapewa, akalilaza tawi juu ya kitanda na yeye akalala chini. Wanawake waliolala chumba kile waliamka mapema kuliko sote, na walipotoka hawakutaka kuzungumza.

Siku ya tatu, saa kumi alfajiri. Tuliondoka Mbinga kukiwa na ukungu mzito. Nilitaja kila nilichoweza: daraja la miti, mto nisioujua jina, mteremko, kanisa. Kila nilipotaja, Mama Kasian aliinamisha kichwa kidogo kuniambia sawa. Niseme kweli, nilianza kuifurahia kazi ile. Miaka yote nimewatajia majina watoto wanaosinzia, na sasa nilipata mtu wa kunisikiliza kila neno.

Saa mbili asubuhi. Lori lilichemka, Bwana Mahundi akasimama kando ya barabara kutafuta maji ya rejeta. Abiria walishuka kunyoosha miguu. Palikuwa na nyumba tatu nne, mashine ya kusaga, na mbele yetu, juu ya ukungu, kilima cheusi chenye msitu. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Songea hiyo, tumefika." Mimi nilikiona kile kilima, nikaiona na ramani yangu ya ubaoni. Mwalimu mzima wa miaka kumi na mmoja, ningemwuliza nani? Nikasema kwa sauti ya darasani, "Kasian, yale ndiyo Matogoro. Tumefika nyumbani. Shuka."

Mama Kasian alinishika mkono kwa nguvu, akatikisa kichwa, akatikisa tena. Neno lilikuwa limeshatoka. Nilijirekebisha haraka, "Samahani, bado, bado kidogo," na wakati huohuo Bwana Mahundi alirudi na ndoo yake, watu wakaparamia, lori likaondoka.

Lori lilikuwa limekwenda umbali ambao kwa miguu ungechukua saa nzima, na nyumba za mji zimeanza kuonekana, nilipomtazama yule mama. Tangu Itungi bega lake lilikuwa limeshuka. Sasa mabega yake yalikuwa sawa. Alikuwa amelishika tawi kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika fagio. Midomo yake ilifunguka, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake.

"Ameshuka," alisema.

Akili yangu ya shule ilitaka kubisha, lakini niliinuka. Niligonga bodi la lori, Bwana Mahundi akasimama. Nilimwomba ageuze, akakataa, na Bwana Ambakisye akaja nyuma kunikumbusha ratiba: sokoni saa tatu, makaburi ya mashujaa saa tano, chemchemi saa saba, kuondoka saa kumi kamili kutoka sokoni. "Mwalimu wa jiografia amepoteza mtu!" abiria mmoja alitania, lakini hakuna aliyemsaidia kucheka. Nilishuka. Mama Kasian alikuwa ameshatangulia, anarudi tulikotoka. Chemchemi ya Ruvuma, niseme mapema, sijaiona mpaka leo.

Saa tatu, barabarani. Tulitembea wawili. Kwa kuwa hakuwa na mtu begani, Mama Kasian alikuwa huru kusema, na alisema kama aliyefunguliwa kamba.

"Mimi sikulaumu, mwalimu. Wewe ulimwambia tumefika. Kasian ukimwambia tumefika, anashuka. Alikuwa mtiifu, mpaka ilikuwa kasoro. Siku moja, angali mdogo, nilimweka sokoni Songea, nikamwambia, kaa hapa nakuja. Nikakutana na dada yangu, tukaongea, tukaenda kwake, nikamsahau kabisa mwanangu! Jioni nakimbia kurudi, soko limefungwa, watu wote wameondoka. Yeye amekaa palepale. Hakulia. Aliniambia, mama, umesema nikae."

Alicheka kidogo, kisha akaharakisha hatua. "Ndiyo maana naogopa. Hatatufuata. Atakaa pale hata miaka."

Nilijisikia mdogo kuliko wanafunzi wangu. Nilitaka kumwomba radhi, nikaona radhi yenyewe haikuwa yake kunipa.

Saa nne, penye mashine ya kusaga. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Mwanamke mwenye kanga kiunoni alikuwa akipepeta mahindi nje ya nyumba ya kwanza. Hatujamsalimu, hatujasema hodi, alituona, akaweka ungo chini.

"Ninyi ndio mliokuwa kwenye lile lori? Mbona mmemwacha mwenzenu?"

Mama Kasian alisimama. Mimi ndiye niliyeuliza, "Mwenzetu gani, dada?"

"Yule kaka. Amekaa hapo kibarazani muda wote. Nilimkaribisha ndani, hakutaka. Ameniuliza, hapa ndiyo Matogoro? Nikamwambia hapana kaka, Matogoro bado, mpaka uuvuke mji wote. Hapa watu wanapaita Mashineni. Akasema ameambiwa ashuke hapa, basi atangoja." Akageuka kutuonyesha. Kibaraza kilikuwa kitupu. Palikuwa na kikombe cha bati kimejaa maji mpaka ukingoni. "Ee! Alikuwapo sasa hivi. Hata maji hajanywa."

Nilijaribu, Mungu anajua nilijaribu. Niliwakumbuka abiria wenzangu mmoja mmoja, na wote nilikuwa nimewaacha ndani ya lori. Nikamwuliza yule dada alivaa nini yule kaka.

"Shati la kaki, limepasuka hapa," akagusa kwapa. "Na mikono yake, vidole vimekuwa vyeusi, kama mtu wa majani ya chai. Nilijua kwa kuwa shemeji yangu naye aliwahi kwenda huko."

Mama Kasian hakumsikiliza tena. Alikwenda kwenye kibaraza, akapiga magoti, akalilaza tawi kando ya kikombe. Majani yaliyobaki ningeweza kuyahesabu. Alinitazama, akanikabidhi zamu kwa macho.

Nilichuchumaa. Sauti ya darasani ilikuwa imekwenda sijui wapi. "Kasian," nilisema, "mimi ndiye niliyekutajia mahali vibaya. Hapa si nyumbani. Hapa ni Mashineni. Nilijifanya najua. Nisamehe, ndugu yangu, inuka twende. Mama yako yuko hapa." Yule dada mwenye nyumba alikuwa ameshika mdomo kwa viganja vyote viwili. Hapakuwa na upepo, na mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa. Tulingoja. Kisha Mama Kasian akaweka mikono chini ya tawi, akaliinua, na nililiona bega lake likishuka.

Saa tano mpaka saa saba, kupita Songea. Hayo ndiyo matembezi yangu ya mjini, na sidhani kama kuna mtalii aliyewahi kutembea vile. Sikutaja tena mahali bila kuuliza. "Samahani mama, hapa panaitwaje?" "Samahani, mto huu una jina?" Waliponijibu, ndipo nikasema, "Kasian, hapa ni mahali fulani. Bado." Tulipita katikati ya maduka, kaseti zikipigwa kila mlango, mitumba imetundikwa, baiskeli zimebeba magunia. Mimi natamka kwa sauti, mama nyuma yangu na tawi. Wengi walituangalia, lakini wazee walivua kofia, nikatambua kwamba si mara yao ya kwanza kuona jambo hili. Bwana Ambakisye, aliyekuwa akila mishikaki na kundi letu, aliniita kwa jina. Sikumjibu, niliogopa kuchanganya maneno.

Jambo moja lilinitia hofu kuliko yote. Kila tulipokutana na watu njiani walitupisha kwa upana, hata mahali ambapo wawili tungepita kwa urahisi. Mwendesha baiskeli mmoja alikwenda mpaka kwenye majani. Na baada ya kuuvuka mji tulipishana na mtoto wa kike aliyetoka kuteka maji, ndoo kichwani, akapiga goti kidogo kwa heshima kama wanavyofunzwa.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba." Akageuza macho kwenye nafasi iliyokuwa kati yetu. "Shikamoo kaka."

Akaendelea na njia yake. Mama Kasian hakugeuka, na mimi nilimwiga, ingawa shingo yote ilinikakamaa.

Saa saba na nusu, Matogoro. Mji wa Mzee Fidelis, yaani boma la baba yake Kasian, uko chini ya mlima, umezungukwa na migomba na mahindi. Ulikuwa umejaa watu. Wanawake wameketi juu ya mikeka, wanaume kwenye mabenchi, watoto wamepakatwa, na hakuna sauti. Nimehudhuria misiba mingi Unyakyusa, na kwetu msiba unausikia kabla hujauona. Huu ulikuwa kimya mpaka nikasikia miguu yangu mwenyewe ikikanyaga majani makavu. Mke wa Kasian nilimtambua bila kuonyeshwa, kwa jinsi alivyouma upande wa kanga yake. Kando ya nyumba, pembeni ya makaburi ya babu zao, palikuwa na shimo dogo lililochimbwa tayari.

Mzee Fidelis alikuwa kwenye kigoda. Nilimpa shikamoo yangu.

"Marahaba. Gervas yuko wapi?"

"Ameumia mguu Mbamba Bay, mzee. Amenituma mimi niwe mdomo."

Alinitazama tangu viatu mpaka kichwani. "Wewe si wa huku."

"Natoka Kyela. Ni mwalimu."

"Haya, mwalimu. Mwanangu alisumbua njiani?"

Ningeweza kusema hapana, na salamu zingeishia hapo. Mama Kasian alinitazama tu, hakuniamuru lolote. Lakini nilimwona yule mjane na kanga yake mdomoni, nikawaza ingekuwaje watu hawa walie, wafunike shimo, halafu maisha yao yote wawe na shaka kwamba wamezika kuni.

"Hakusumbua, mzee. Mimi ndiye niliyemsumbua." Nikamweleza yote, kilima, kiburi changu, Mashineni, kikombe cha maji. Nilipomaliza, mzee aliinuka kigodani, akaliinamia tawi begani kwa mkewe.

"Kasian. Huyu mwalimu alikushusha pabaya. Umekuja?" Akangoja. Sote tulingoja. Akanyoosha mgongo, akasema kwa uchovu, "Huyu mtoto akiudhika hunyamaza, akiridhika hunyamaza. Mimi nitajuaje?" Kisha akanigeukia. "Ulimshusha wewe kwa maneno yako. Utamshusha wewe tena. Mwambie."

Sijawahi kuogopa maneno kama nilivyoyaogopa yale. Nilitazama mlima, nikatazama nyumba, nikamwuliza kama mtoto wa darasa la kwanza, "Mzee, hapa ndiyo Matogoro?"

"Ndiyo."

"Na hapa ndipo nyumbani kwake?"

"Alizaliwa ndani ya nyumba ile."

Basi nikasema, taratibu, kila neno kwa nafasi yake. "Kasian. Tumefika Matogoro. Hapa ni nyumbani kwenu. Baba yako yupo, mke wako yupo. Shuka."

Nililitazama bega la mama yake. Kwa kitambo halikuwa na mabadiliko. Halafu likapanda, polepole, mpaka likalingana na jingine, na majani mawili ya mwisho yakaanguka juu ya mkeka. Mzee Fidelis aliyaokota, akayaweka kiganjani, akafumba kiganja.

"Amefika," alisema.

Kilio kilichotoka hapo siwezi kukiandika. Kilianza kwa yule mjane, kikawachukua wanawake wote kwa pamoja, kikawashika wanaume, na Mama Kasian akaketi chini, akanyoosha miguu, akalia kwa sauti ambayo aliitunza kutoka Rungwe. Mtu mmoja alinipa kiti, sikukaa. Niliaga kwa kuinamisha kichwa, nikashika njia ya mjini, na kile kilio nilikisikia mpaka barabara kubwa. Nilifurahi. Sioni haya kusema hivyo. Nilitembea huku nafurahia kilio cha watu.

Saa kumi, sokoni, lori liliondoka. Wenzangu walisimulia soko, makaburi, chemchemi na picha walizopiga. Waliponiuliza mimi nimeona nini, niliwaambia nimeona Matogoro. Nilichojifunza ni kidogo, na nakiandika hapa kwa ajili ya wenzangu walimu hasa: usimwambie mtu amefika kama wewe mwenyewe hujui ulipo, maana wako watakaokuamini.

Siku ya nne, asubuhi, Mbamba Bay. Nilikwenda moja kwa moja zahanati. Mzee Gervas alikuwa kitandani, mguu umewekwa juu ya mto, anawachekesha wagonjwa wa chumba kizima kwa hadithi zake. Aliponiona mlangoni aliikata hadithi katikati.

"Amefika?"

"Amefika, mzee."

"Wamelia?"

"Wamelia."

"Uliwasikia kwa masikio yako?"

"Niliwasikia mpaka barabarani."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili tatu. Akauliza kama kaka yake amelia, nikamwambia amelia. Akaniomba nimsaidie kuugeuza ule mguu, nikamsaidia, naye akageukia ukutani, akajifunika shuka uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Meli ilipiga honi ya kwanza. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, na alipoanza kulia kwa sauti, hakuna mtu chumbani mle aliyemwambia anyamaze.